Unga Uliobanwa: Kidonge na Mji wa Eldoret

Mtu akipeleka mahindi ya kusaga Langas, mtaa wa Eldoret, mwezi wa Desemba, mavuno ya Uasin Gishu yakiwa yameshaingia lakini jua halijayakausha vyema, ataona mambo mawili kwa dakika tano tu. Mahindi yakimwagwa kwenye faneli ya kisiagi huteremka yenyewe, punje ikifuata punje, kama maji ya mfereji. Lakini mahindi yale yale yakishasagwa hayataki kuteremka tena. Unga hupanda kwenye lile pipa la bati lililo juu ya mashine, ukashika kandokando, ukaning'inia, na mfuko uliofungwa kwenye mrija wa kitambaa ukabaki nusu. Kijana wa mashine huokota kipande cha mti na kuligonga pipa. "Ngoja kidogo, mama, unga umeshika. Haya mahindi uliyaanika siku ngapi?" Mara unga wote huanguka kwa mkupuo, na vumbi jeupe likamjaa kijana kwenye kope.

Hakuna kilichoongezwa kwenye yale mahindi wala kilichopunguzwa. Kilichobadilika ni ukubwa wa chembe tu, na ule unyevu uliobaki ndani yake ukapata nafasi ya kuzishikanisha. Nimeanzia kisiagini kwa sababu anayeelewa kwa nini unga ule ulikwama ameshaelewa nusu ya taabu ya watu wanaotengeneza dawa. Karibu kila kidonge tunachomeza kilikuwa unga kabla hakijawa kidonge, na unga ni kitu chenye tabia zake. Ukiumimina unaenda kama maji, ukiukanyaga unakuwa mgumu kama tofali, na baina ya hali hizo mbili hautabiriki.

Mashine ya kubana vidonge haina mizani. Ina bamba la chuma lenye matundu. Unga hujaza tundu, mchi mmoja ukashuka kutoka juu na mwingine ukapanda kutoka chini, ikakutana, na kidonge kikasukumwa nje. Mashine kubwa hufanya hivyo mara mamia ya maelfu kwa saa moja. Uzito wa kidonge ni uzito wa unga uliowahi kuingia tunduni kabla michi haijakutana. Unga ukisitasita, tundu hujaa nusu. Chembe zikiwa za ukubwa tofauti, ndogo huzama chini na kubwa huelea juu, kama vile ufuta unavyozama ukitikisa mfuko wenye ufuta na njugu. Hapo ndipo mgonjwa mmoja anapopata dawa nyingi na mwenzake akapata chokaa.

Aliyefungua njia ya kubana unga wa dawa hakuwa mfamasia wala daktari. Alikuwa mchoraji. William Brockedon, mwana wa fundi saa wa Totnes kusini mwa Uingereza, alisumbuliwa na penseli mbaya. Grafaiti safi ilikuwa inaadimika, na vumbi lake lilikuwa tele, basi akabuni namna ya kulibana vumbi hilo ndani ya kalibu mpaka likawa kipande kimoja kigumu kinachofaa kuchorea. Mwaka 1843 alipewa hataza ya kifaa chake, na hataza hiyo ilitaja dawa na grafaiti pamoja. Kabla yake wafamasia walikuwa wakifinyanga vidonge kwa vidole kutoka kwenye donge la dawa na gundi, na kila kidonge kilikuwa na uzito wa bahati yake.

Wamarekani wawili waliohamia London, Silas Burroughs na Henry Wellcome, walikifanya kifaa cha mchoraji kuwa biashara ya dunia. Mwaka 1884 walisajili jina "Tabloid" kwa vidonge vyao vilivyobanwa, na kwa bidii kubwa wakawapa wasafiri mashuhuri masanduku ya dawa ili sifa zienee. Msafiri Henry Morton Stanley alipofunga safari ya kumtafuta gavana Emin Pasha, kampuni hiyo ilimpa masanduku tisa. Februari 1887 Stanley alitia nanga Unguja, akaandikisha wapagazi wapatao 600, akazunguka nao rasi ya kusini mwa Afrika hadi mdomo wa Mto Kongo, kisha wakaikata bara yote hadi Bagamoyo, walikofika Desemba 1889. Stanley aliandika kuyasifu masanduku yale. Vitabu vya historia ya dawa hupenda kuirudia sifa hiyo, lakini huwa haviwataji waliobeba mizigo. Vidonge vile vilivyobanwa kwa mashine vilipita katikati ya Afrika juu ya vichwa vya Waswahili, na wengi wa wabebaji hao hawakurudi Unguja.

Wakati huo Eldoret haikuwapo. Mji wenyewe ulianza kama posta ndogo mwaka 1910 kwenye shamba nambari 64 la uwanda wa juu wa Uasin Gishu, ndiyo maana wazee wengine bado wanauita Sisibo, yaani "sixty-four". Jina la Eldoret lilikuja 1912, reli ikafika 1924. Hospitali ilitangulia reli. Mwaka 1917 kilifunguliwa kituo kidogo cha kuwatibu Waafrika, na hicho ndicho kilichokua kikawa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi pale Nandi Road. Kwa miongo mingi dawa katika vituo kama hivyo vya Afrika Mashariki ilikuwa ya maji, ile tuliyoiita mikscha, inayomiminwa kutoka chupa kubwa kwenye chupa uliyokuja nayo kutoka nyumbani. Poda ilipimwa kwa mizani na kusagwa kwa kinu na mchi. Kidonge cha kiwandani kilikuja kuchukua nafasi hiyo polepole.

Viwanda vya Nairobi vilipoanza kubana vidonge vyenyewe, vilitumia njia iliyozoeleka duniani kote, na inafaa kuitazama kwa karibu kwa sababu ndiyo njia inayotawala hadi leo. Dawa huchanganywa na vijazo, hasa sukari ya maziwa, selulosi na wanga wa mahindi. (Ndiyo, wanga ule ule. Ukitiwa kama uji hushikanisha chembe. Ukitiwa mkavu hufura unapokutana na maji tumboni na kukipasua kidonge.) Mchanganyiko hulowanishwa mpaka ushikane kama unga wa ugali kabla haujaiva, ukapitishwa kwenye chekeche ukawa chembechembe, ukakaushwa, ukachekechwa tena, ukapakwa kilainishi kidogo, ndipo ukaenda kubanwa. Baada ya kila hatua unga huingia kwenye pipa na kusubiri. Sampuli hupelekwa maabara, karatasi hutiwa sahihi, na pipa linasubiri. Huweza kupita wiki kadhaa kati ya unga na kidonge, na sehemu kubwa ya muda huo hakuna kinachofanyika isipokuwa kusubiri.

Lengo la kulowanisha na kukausha ni moja tu, kuurudisha unga kwenye tabia ya punje. Ni kama vile kijana wa Langas angeweza kuugeuza unga kuwa mahindi tena ili uteremke bila kugongewa pipa.

Kwa muda mrefu waganga walidhani kwamba kazi ya kiwanda huishia hapo, na kwamba kidonge kikishakuwa na dawa ya kutosha ndani yake basi kimekamilika. Griseofulvini iliwafunza vingine. Ni dawa ya choa, vile viduara vinavyotokea kama sarafu kwenye vichwa vya watoto wa shule, na haiyeyuki vizuri majini. Miaka ya 1960 ilipoanza ilibainika kwamba ikisagwa laini zaidi, nusu ya dozi hutosha, kwa kuwa chembe ndogo zina uso mwingi wa kukutana na maji. Mwaka 1971 John Lindenbaum na wenzake wa New York waliwapa watu vidonge vya digoksini, dawa ya moyo, kutoka watengenezaji tofauti. Vyote viliandikwa kipimo kilekile. Kiasi kilichofika kwenye damu kilitofautiana hadi mara saba. Na digoksini ni dawa ambayo ikipungua haifai kitu, na ikizidi kidogo huweza kuua. Kuanzia hapo hakuna mtu makini aliyeweza kusema kwamba jina lililoandikwa kwenye pakiti linatosha. Umbo la chembe nalo ni sehemu ya dawa.

Eldoret iliingia kwenye historia hii kwa mlango wa msiba. Chuo Kikuu cha Moi kilianzisha shule ya udaktari mwishoni mwa miaka ya 1980, mkuu wake wa kwanza akiwa Profesa Haroun Mengech, na madaktari wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, wakaja kushirikiana nao. Joe Mamlin alikuwa mmoja wao. Aliporudi Eldoret mwaka 2000 alikuta wodi zimejaa vijana wanaokufa kwa Ukimwi. Dawa zilikuwapo duniani, lakini kwa mgonjwa mmoja ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka, na mgonjwa alitakiwa kumeza vidonge kwa makumi kwa saa zilizopangwa. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kwamba ingeyauzia mashirika ya misaada dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka. Mwaka huohuo Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya mali ya viwanda iliyofungua njia ya kuagiza dawa nafuu, na mwaka huohuo madaktari wa Eldoret na wenzao wa Indiana wakaanzisha mpango wa kutibu Ukimwi ulioitwa AMPATH, wakianza na kliniki ya hospitali kuu na ile ya Mosoriot.

Tumezoea kuihadithia habari hiyo kama habari ya bei na ya hataza. Ni haki kuihadithia hivyo, maana watu waliandamana na kesi zikafunguliwa kwa ajili yake. Lakini ndani yake kuna kazi ya unga ambayo haijasimuliwa vya kutosha. Cipla haikupunguza bei tu. Ilizitia dawa tatu katika kidonge kimoja, Triomune, chenye stavudini miligramu 30, lamivudini 150 na nevirapini 200. Tazama hizo namba. Stavudini haifiki moja ya kumi ya dawa iliyomo, na bado vijazo havijahesabiwa. Fikiria umepewa gunia la unga wa mahindi na vikombe kadhaa vya unga wa muhogo, ukaambiwa uchanganye mpaka kila kijiko utakachochota, popote pale guniani, kiwe na muhogo sawasawa, kisha ulisafirishe gunia hilo kwenye barabara mbovu bila muhogo kujitenga. Hiyo ndiyo kazi waliyoifanya, mara mabilioni. Kwa mgonjwa wa Mosoriot matunda yake yalikuwa mepesi kueleweka: kimoja asubuhi, kimoja jioni, na hawezi kumeza dawa moja akasahau mbili na kuvifundisha virusi usugu.

Upande mwingine wa dunia dawa nyingine ya Ukimwi ilikuwa inatoa somo gumu zaidi. Kampuni ya Abbott ilianza kuuza ritonaviri mwaka 1996. Miaka miwili baadaye kapsuli zikaanza kushindwa majaribio ya kuyeyuka. Molekuli ilikuwa ileile, hakuna atomu iliyoongezwa wala kupunguzwa, lakini molekuli zilikuwa zimejipanga upya katika fuwele ya namna ya pili, iliyotulia zaidi na ngumu zaidi kuyeyuka. Fuwele hiyo mpya ikishaonekana mahali, chembe zake ndogo mno huwa mbegu, na unga wote hufuata. Wataalamu walikwenda kukagua kiwanda cha Italia ambako haikuwahi kuonekana, na baada ya ziara yao ikaonekana huko pia. Kapsuli ziliondolewa sokoni, na wagonjwa wakarudi kunywa dawa ya maji yenye ladha mbaya mpaka kampuni ilipopata namna nyingine ya kuitengeneza.

Kapsuli laini zilizofuata, za ritonaviri na lopinaviri pamoja, zilitakiwa kuwekwa kwenye friji. Sitaki msomaji alipite neno hilo haraka. Eldoret ina baridi yake, mita 2,100 juu ya bahari, na hospitali ina friji. Lakini watu wanaotibiwa huko wanatoka Turkana, wanatoka Port Victoria ukingoni mwa ziwa, wanatoka nyumba ambazo taa zake ni koroboi. Dawa inayohitaji friji ilikuwa inawaambia kwamba haikutengenezwa kwa ajili yao.

Jibu lilitoka Ludwigshafen, Ujerumani, na linafanana ajabu na mashine ya kusagia nyama. Dawa na plastiki inayoyeyuka majini huingizwa upande mmoja wa bomba la moto lenye parafujo inayozunguka. Ndani humo vinayeyuka pamoja na kukandwa, na upande wa pili hutoka ukanda unaong'aa kama kioo, ambamo molekuli za dawa zimetawanyika na kukwama kabla hazijapata nafasi ya kujipanga kuwa fuwele. Mwaka 2005 vidonge hivyo viliidhinishwa Marekani: vinne kwa siku badala ya kapsuli sita, wala havihitaji friji. Ilibidi mashirika ya misaada yapaze sauti ndipo vipelekwe kwenye nchi za joto, ambako ndiko vilikohitajika hasa. Kuna jambo lingine la kuangalia katika bomba lile. Kazi yake haikuwa na mapipa ya kusubiri. Unga uliingia, ukanda ukatoka, bila kusimama.

Kusema kweli, wasagaji wa ngano waliijua siri hiyo zamani. Mtu akiingia kinu kikubwa cha ngano, na mashamba ya Uasin Gishu yamelisha vinu vingi, ataona nafaka ikipanda juu, ikashuka kwenye magurudumu ya chuma, ikachekechwa, ikapanda tena, mpaka ukawa unga uliofungwa kwenye pakiti, pasipo mtu kusema "tusubiri maabara ijibu ndipo tuendelee". Waliochelewa ni watengeneza dawa, na walikuwa na sababu. Mkate ukizidi chumvi unatemwa. Digoksini ikizidi haitemwi.

Mwaka 2003 kitivo cha famasia cha Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, kilijiunga na kazi ya Eldoret. Wafamasia wake walikuja kuishi mjini, wakafundisha pamoja na wenzao wa hospitali, wakaleta wanafunzi, na baadaye wakasaidia kuanzisha maduka ya dawa ya mfuko wa kuzunguka, ambamo pesa anayolipa mgonjwa wa leo hununua dawa ya mgonjwa wa kesho, ili stoo ya serikali ikikauka mtu asirudi nyumbani mikono mitupu. Mwaka 2006, huko Marekani, Purdue hiyohiyo iliungana na Rutgers na vyuo vingine viwili katika kituo kipya cha utafiti wa unga na chembe, lengo mojawapo likiwa kuutoa uzalishaji wa vidonge kwenye mapipa na kuutia kwenye mkondo usiokatika. Chuo kimoja kilikuwa na milango miwili: mmoja ukifunguka kwenye chumba cha kisayansi cha parafujo na vipima mwanga, mwingine kwenye dirisha la dawa Nandi Road.

Mkondo huo hufanya kazi hivi. Vilishio kadhaa, kila kimoja kimekaa juu ya mizani yake, hudondosha dawa na vijazo gramu kwa gramu, na mizani ikihisi kwamba unga umesita, parafujo huongeza mwendo papo hapo. Unga hupita kwenye bomba lenye mapanga yanayochanganya kiasi kidogo tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo hauna safari ndefu ya kujitenga. Njiani mwanga usioonekana kwa macho humulikwa juu yake, na jinsi unavyorudi hueleza ni dawa kiasi gani imo. Ikizidi au ikipungua, sehemu ile tu ya mkondo huelekezwa kwenye takataka, na vidonge vilivyo mbele na nyuma yake vinabaki salama. Aprili 2016 Marekani iliruhusu kwa mara ya kwanza dawa iliyokuwa ikitengenezwa kwa mapipa ihamie kwenye mkondo, katika kiwanda cha Janssen kilichoko Gurabo, Puerto Rico. Kampuni ilieleza kwamba kazi ya wiki mbili iliweza kumalizika kwa siku moja hivi. Dawa yenyewe ilikuwa darunaviri, ambayo hapa Kenya imekuwa ikiwekewa watu ambao dawa za Ukimwi za kwanza na za pili zimewashindwa.

Na kwetu je? Oktoba 2007 kiwanda cha Quality Chemicals kilifunguliwa Luzira, Kampala, kutengeneza dawa za Ukimwi na malaria kwa ushirikiano na Cipla. Mjini Kikuyu, nje ya Nairobi, Universal Corporation ilipata ithibati ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 kwa kidonge cha lamivudini na zidovudini, ikiwa ya kwanza nchini. Lakini tukio ninalolipenda zaidi lilitokea Moshi, katika chuo cha famasia cha Kilimanjaro. Mtawa kutoka Nigeria, Sista Zita Ekeocha, pamoja na walimu wa Purdue, Stephen Byrn na Kari Clase, waliwafundisha wafamasia wa nchi mbalimbali za Afrika utengenezaji wa dawa kwa vitendo. Byrn ni miongoni mwa mabingwa wa sayansi ya fuwele za dawa duniani. Watu waliokuja hapo kutoka viwandani na kwenye mamlaka za dawa walishika unga kwa mikono yao wenyewe, wakaulowanisha, wakaubana, wakakitazama kidonge kinavyopasuka kwenye maji. Mashine hununuliwa, na ikiharibika hukaa imefunikwa turubai. Mtu aliyejua kwa nini unga ulikwama hafunikwi turubai.

Ndiyo sababu siwaungi mkono wanaosema kwamba mkondo usiokatika ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Ni kweli unataka umeme usiokatika na mafundi wa kuusimamia usiku na mchana. Lakini hauhitaji jengo kubwa. Pfizer na washirika wake walishatengeneza mkondo unaoingia kwenye chumba kinachoweza kubebwa kwa lori. Na Eldoret inavyo vingi vinavyohitajika kuanzia: chuo kikuu chenye uhandisi, vinu vya nafaka vyenye mafundi waliokua wakiugonga unga, na hospitali inayojua kidonge kikikosewa kinamfanya nini mtu.

Hospitali hiyo imeshiriki hata katika kukagua. Marya Lieberman wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, nacho pia cha Indiana, alibuni kadi ya karatasi yenye njia 12 nyembamba, na watu wa Eldoret wakashirikiana naye kuijaribu kwa dawa zilizonunuliwa kwenye maduka ya magharibi mwa Kenya. Kidonge husagwa, unga wake ukasuguliwa kwenye mstari unaokatisha njia zote, na ukingo wa kadi ukatumbukizwa majini. Maji hupanda. Baada ya dakika chache kila njia huwa na rangi yake, na mpangilio wa rangi ukifanana na ule wa dawa halali, sawa. Pakionekana rangi ya wanga mahali ambapo wanga haukutarajiwa, kuna kazi ya kufanya. Ni kifaa kizuri, na kina mpaka wake. Kinajibu kama dawa imo. Hakijibu kama itayeyuka tumboni, kama fuwele ni ile iliyoidhinishwa, kama chembe zilisagwa zikatosha. Hayo hujulikana kiwandani, au hayajulikani.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kliniki zilizojengwa kwa fedha hizo zikaingiwa na hofu ya stoo tupu. Miezi michache baadaye Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria ulitangaza kwamba umenunua kwa mara ya kwanza kidonge cha tiba ya kwanza ya Ukimwi kilichotengenezwa Afrika. Kilitoka Kikuyu, kwa Universal, na kilikuwa kinakwenda Msumbiji, kiasi cha kutosha watu zaidi ya 72,000 kwa mwaka. Tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, poda tatu katika kidonge kimoja, safari hii zikiwa zimechanganywa hapa kwetu.

Watoto walisubiri zaidi ya wote. Kwa miaka mingi waliokuwa na Ukimwi walipewa lopinaviri ya maji, chungu, yenye alkoholi zaidi ya asilimia 40, na waliokuwa na kifua kikuu walipewa vipande vya vidonge vya watu wazima vilivyokatwa kwa kisu jikoni, kipande kimoja kikubwa, kingine kidogo. Oktoba 2016 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza duniani kusambaza nchi nzima vidonge vya kifua kikuu vya watoto vinavyoyeyuka majini. Mwaka 2021 ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kupokea dolutegraviri ya watoto, miligramu 10, yenye ladha ya stroberi.

Nilimwona nyanya mmoja akionyeshwa namna ya kuitumia. "Kogo, maji kidogo tu, hapo hapo," muuguzi alimwambia, akimwita kama Wakalenjin wanavyomwita bibi yao, na nyanya akaishika glasi kwa mikono miwili kana kwamba imejaa pomoni. Kidonge kilikaa chini kimetulia. Kisha ukingo wake ukaanza kulegea, ukamomonyoka kama ukuta wa udongo kwenye mvua ya Aprili, na unga ukatawanyika ndani ya maji wenyewe, bila kijiko, bila kutikiswa, mpaka pasibaki kitu chini. Mtoto alinyoosha mkono kuitaka glasi.